Kinondoni Si Masaki

Kuna hesabu ambayo wakazi wa Dar es Salaam huifanya bila kalamu: wilaya ya Kinondoni ni ushuani, ya Temeke ni uswahilini. Dalali wa vyumba anaitumia kupandisha kodi, na mkwe mtarajiwa akisema anatoka Mbagala, huko Temeke, wapo wakwe watakaotazamana. Hesabu hiyo ni ya uongo. Imedumu kwa sababu anayetaja Kinondoni huwa anawaza Masaki, Oysterbay na Mikocheni tu.

Tandale iko wapi? Kigogo, Mwananyamala na Hananasif je? Zote ni Kinondoni. Kipindupindu kilipozuka jijini Agosti 2015, kilianzia Kinondoni hiyohiyo kabla ya kusambaa mikoani. Wala si ajabu: katika mitaa iliyobanana, ambako gari la kunyonya maji taka halipiti, wapo wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo, na uchafu huo humfikia jirani mlangoni. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waliohamishwa kutoka bonde la Msimbazi walipelekwa Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji. Mabwepande na Masaki zote ni Kinondoni, zina meya mmoja. Ukitafuta wastani wa maisha ya huko kuwili, utapata mtu asiyeishi popote.

Temeke nayo husimuliwa kana kwamba yote ni Tandika kwenye matope. Chang'ombe ina chuo kikuu kishiriki cha elimu, chuo cha ufundi cha VETA na viwanda; Kurasini inapokea pilikapilika za bandari; Kijichi ina nyumba zilizojengwa na mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF. Ni wilaya yenye watu zaidi ya milioni 1.3 kwa sensa ya 2022. Umati huo wote hauwezi kuwa na hali moja.

Historia ndiyo inayoumbua zaidi dhana hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilipanga makazi ya Waafrika Ilala, Temeke na Magomeni, huku Oysterbay ikiwa ya Wazungu. Magomeni, leo Kinondoni, na Temeke zilitoka katika fungu moja. Mstari ulichorwa kati yao na Oysterbay, na bado unaonekana.

Jambo moja Temeke ina haki ya kulalamikia: maji. Mabomba makubwa ya maji ya mto Ruvu yanaingia jijini kutoka kaskazini na magharibi, na kwa miaka mingi kusini kumetegemea visima, vingine vya maji ya chumvi. Hilo ni kosa la mipango. Lakini bomba kupita karibu hakujamwondolea mpangaji wa Tandale adha ya kununua maji kwa dumu.

Wahandisi wameshaelewa kwamba shida haifuati mpaka wa wilaya. Mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2015, ulichagua mitaa yenye shida pande zote: lami na mifereji vilifika Tandale kama vilivyofika mitaa ya Temeke. Madiwani na waandishi wa habari wafuate njia hiyo. Takwimu za maji, vyoo na kipato zitolewe kwa kata na mtaa, na bajeti igawiwe hivyo. Na anayejigamba kwamba anaishi Kinondoni aulizwe kwanza: mtaa gani?