Kabla ya Kupandikizwa Mfupa, Uliza Umetoka Wapi

Jamaa zetu wengi hapa Ghuba siku hizi wanaweka meno ya kupandikiza. Bei wanauliza, tena kwa ukali. Asili ya mfupa hawaulizi.

Jino likishang'olewa, mfupa wa taya hupungua, hasa mwaka wa kwanza. Basi daktari huongeza mfupa ili skrubu ipate pa kushika. Mfupa huo waweza kutoka kwenye taya lako mwenyewe, kwa marehemu aliyejitolea, kwa ng'ombe, kwa nguruwe, au ukatengenezwa kiwandani. Hata ule utando unaofunika mfupa uliopandikizwa, aghalabu ni wa nguruwe. Nyama ya kuzibia fizi, mara nyingi hukatwa kwenye kaakaa lako, lakini zipo za madukani pia.

Hukumu tuwaachie masheikh; watu wana maneno mengi juu ya dharura. Lakini dharura ni pale pasipo na njia nyingine, na hapa njia zipo. Basi uliza kabla hujatia saini, daktari akuandikie jina la kitu na asili yake. Mfupa ukishashikana na taya, kuuliza kumechelewa.