Hodi Isiyo na Jina

Nyumba za Mji Mkongwe zina milango mizito, na aliye ndani huitegemea sauti. Mtu akipiga hodi huulizwa, "Nani?" Sisi tuliolelewa Malindi tulikatazwa kujibu "Mimi" tukakomea hapo. Wazee walitukumbusha hadithi ya Jabir bin Abdillah, aliyebisha mlangoni kwa Mtume, akaulizwa ni nani, akajibu kuwa ni yeye tu, na jibu lile halikupendeza. Kila abishaye ni "mimi".

Adabu hiyo haijafika katika kompyuta zetu.

Kwa miaka mingi kompyuta yangu ilikuwa na desturi ya kunizushia kisanduku katikati ya kazi: "Unaombwa kuingiza nywila yako." Huenda nilikuwa nasahihisha shairi, huku barua pepe iko wazi nyuma, kalenda inajisawazisha, na programu ya kuhifadhi mafaili inakwenda na shughuli zake kimya kimya. Ni ipi kati ya hizo iliyoomba? Kisanduku hakikusema. Niliandika nywila ili kiondoke. Baadaye kijana mmoja aliniambia kuwa aliyekuwa akibisha ni kalenda: nilikuwa nimeibadilisha nywila, yeye akabaki na ya zamani, ikawa kila saa anagonga.

Ombi lilikuwa la haki, lakini lilinizoesha utiifu mbaya. Siku kilipokuja kisanduku cha mwizi, chenye maneno yale yale, nilikitii vivyo hivyo, na kabla ya laasiri sikuwa tena na anwani yangu. Ndani yake mlikuwa na tungo za wanafunzi wangu wa kidato cha tatu na cha nne, nilizozikusanya tangu 2006. Nyingi hazina nakala kwengine. Watoto wale sasa ni watu wazima, na wengine wao hawajui kama waliwahi kutunga beti nzuri namna ile.

Mwalimu wa sarufi, hata akifikwa na msiba, huitazama sentensi. "Unaombwa" ni kauli ya kutendwa, na katika kauli hiyo mtenda huletwa na kiunganishi "na": umeombwa na nani? Waandishi wa visanduku wameiacha "na" hiyo, na pamoja nayo wamemwacha mbishaji. Visanduku vingine husema, "Inahitaji uthibitisho wako." Utaniambia kiambishi cha upatanishi kipo. Kipo, lakini kinarejelea nini? Programu, simu, benki, kampuni, kompyuta, akaunti, kalenda: zote ni za ngeli ya I-ZI. Kiswahili kimewapokea wageni hawa wote katika chumba kimoja, na ile "i" haimtambulishi hata mmoja. Nami niliyewahi kujigamba darasani kuwa ngeli zetu haziachi shaka!

Mtu atasema kuwa jina hughushiwa. Kweli, mwizi akilijua jina la shemeji yangu atalitaja. Ndiyo maana jina huhitaji ishara ya kulisindikiza. Katika programu ya Microsoft Authenticator, tangu Mei 2023, mtumiaji wa taasisi anayeletewa ombi la kuingia hawezi tena kulikubali kwa kugusa kitufe tu; sharti aandike namba inayoonekana pale anapoingilia. Asiyeiona namba hiyo ajue kuwa anayeingia si yeye. Wasimamizi wanaweza pia kuiamuru ionyeshe jina la programu iliyoomba na mahali ombi lilikotoka. Wanaweza! Sioni kwa nini jina la mbishaji liwe jambo la hiari.

Tumebishana sana, na kwa raha, iwapo tuseme "nywila" au "nenosiri". Mimi naona wafasiri wetu, ambao baadhi yao ni washairi, wangetufaa zaidi kwa kutuambia ni nani anayelitaka hilo neno. Ningependa kusoma hivi: "Kalenda ya kompyuta hii inaomba nywila ya barua pepe yako, kwa kuwa uliibadilisha Jumatatu." Mtenda yupo, mahali papo, sababu ipo. Nimeambiwa sentensi hiyo ni ndefu kwa kioo cha simu. Basi ifupishwe, lakini asianze kukatwa mtenda. Aliyezoea kubana hoja katika mshororo wa mizani kumi na sita hatashindwa.

Kwa sasa kisanduku kisichojitaja nakifunga, kisha naifungua mwenyewe programu ninayoishuku, nione kama itaomba tena. Njia hii ina gharama yake. Wiki iliyopita nilikosa kikao cha kughani mashairi Forodhani, kwa kuwa kalenda ilikuwa nje mlangoni siku tatu ikisema "mimi", nami sikuifungulia.