Mwaridi wa Mlimani

Katika nchi ya Omani iko milima iitwayo Jabal Akhdar. Huko, kwa kimo cha mita 2000 hivi juu ya bahari, wenyeji hupanda mwaridi wa kale ujulikanao kama mwaridi wa Dameski. Mashamba yao ni matuta yaliyojengwa kwa mawe kama ngazi, nayo hupata maji kwa mifereji iitwayo falaji. Mwaridi huo hutoa maua mara moja tu kwa mwaka, tangu mwisho wa Machi hata mwanzo wa Mei, kisha hunyamaza.

Kwa sababu hiyo wako wanaoudharau. Husema ya kuwa tangu mwaka 1867, alipotokea Mfaransa Guillot na waridi lake 'La France', wakulima wamepata miwaridi ichanuayo tena na tena. Ya nini kutunza mti ufanyao kazi majuma machache tu?

Maneno hayo ni mepesi mdomoni, lakini shambani hayasimami. Miwaridi mingi inunuliwayo imeungwa juu ya mizizi ya mwaridi wa jamii nyingine. Mbuzi akiutafuna hata maungio, machipukizi yatokayo chini ni ya yule mgeni, na mwenye bustani hushangaa kuona maua asiyoyajua. Mwaridi wa kale uliopandwa kwa kijiti, au kwa chipukizi lililong'olewa pamoja na mizizi yake, hauna hila hiyo. Ukikatwa hata ardhini, uchipukao ni ule ule. Na jirani akitaka mbegu, hupewa kijiti bila fedha.

Tena, kule kuchanua kwa pamoja ndiko kunakofaa. Wachumaji huondoka alfajiri, kabla jua halijaichukua harufu. Maua hutiwa chunguni katika tanuri la udongo, na juu yake huwekwa chombo cha shaba chenye maji baridi. Mvuke ukikigusa hugeuka matone, na matone hayo ndiyo marashi. (Yale ya kienyeji hunuka moshi kidogo, na wayapendao hawataki mengine.) Watu wa Unguja wayajua marashi ya mawaridi, maana hunyunyizwa arusini kwa mrashi. Waridi moja leo na jingine juma lijalo, chungu kingejaa lini?

Kosa kubwa la wapandaji wageni ni kupogoa wakati usiofaa. Huona matawi marefu ya mwaka uliopita, huyadhani ni uchafu, na huyakata kabla ya msimu. Kumbe maua hutoka katika matawi hayo hayo. Mwaridi huu hupogolewa mara maua yakwishapo, ukatiwa samadi na maji ya kutosha, upate kuotesha matawi ya mwaka ujao. Aliyekwisha kukata mapema asiung'oe kwa hasira. Na aungojee mwaka mmoja.