Kuogopa duara si aibu

Mwandishi, nimekuelewa, ila hapo uliposema mfumo dume unawaumiza wanawake tu sikubaliani na wewe. Nimefanya kazi kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, ya Mwakitolyo miaka minne na nimeona unavyotuzika sisi wanaume wenyewe. Masika moja mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi tukasikia matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara, yanalia. Kijana mmoja akakataa kushuka. Akaitwa mwanamke, akaulizwa kama yeye ni ngosha (mwanaume) au la, mwingine akamtupia kanga ajifunge pale pale mbele ya mama ntilie. Akashuka. Jioni tulimtoa mguu umepondeka, na hata hapo alikuwa anauma kola ya shati ili asisikike akilia. Ndugu zangu mnaosema kwamba kupinga mfumo dume ni mambo ya Wazungu, kumbukeni Nyangalata kule Kahama mwaka 2015: wenzetu watano walitolewa hai baada ya kufukiwa siku 41 chini ya ardhi, wa sita alifia humo humo. Udongo hauulizi nani dume. Baadaye nilihamia kwa msimamizi mmoja mtu mzima. Yeye alishuka wa kwanza kila siku, anagonga gogo moja moja kwa nyundo, na siku akiwa na wasiwasi anatamka mbele ya wote: "Leo naogopa, hatushuki." Hakuna aliyemcheka. Tulishinda kivulini tunakunywa uji, na kesho yake vijana wawili wakamfuata wenyewe kumwambia matimba ya upande wao hawayaamini.