UJIRA WA FUNDI NA ANKARA YA PIKIPIKI



Mwanachama mwenzetu mmoja, karani katika ofisi ya wilaya, ametuletea ankara aliyopewa na mwuza pikipiki wa mjini kwao, naye ataka tuseme kama ni ya haki au ni dhuluma. Pikipiki yake ilikuwa ikinguruma pasipo kwenda, maana pleti za klachi zilikuwa zimelika. Ankara yasema hivi: pleti mpya, shilingi 20,000, ujira wa kazi, saa tatu kwa shilingi 15,000 kila saa, yaani shilingi 45,000. Mwenzetu alikuwa ameketi pale pale, akaona kazi ikianza saa tatu asubuhi na kwisha saa nne na nusu. Alipouliza, aliambiwa kwamba ndiyo desturi yao, na kwamba pikipiki haitatoka langoni mpaka fedha yote ilipwe. Ilimbidi akope kwa wenzake, hali mkopo wa pikipiki yenyewe bado wakatwa katika mshahara wake kila mwezi.

Lalamiko lake la kwanza ni kwamba ujira umepita bei ya kipuri. Katika hilo hatuwezi kumwunga mkono. Pleti ni kitu chepesi, lakini hazikuwekwa mahali pepesi. Fundi hana budi kumwaga mafuta ya injini, kufungua mfuniko wa upande, kukwangua gasketi ya zamani pasipo kuchubua chuma, kulegeza springi, kutoa pleti zilizolika na kulowesha mpya katika mafuta, kisha kurudisha yote kwa taratibu na kurekebisha waya wa klachi. Bei ya kipuri haitupi kipimo cha kazi hiyo. Hata barua huandikwa katika karatasi ya bei ndogo sana, wala hakuna karani atakaye kulipwa kwa thamani ya karatasi.

Lalamiko la pili ni kwamba shilingi 15,000 kwa saa ni nyingi mno kwa fundi. Lakini fedha hiyo haiingii yote mfukoni mwa fundi. Humo mna kodi ya nyumba, umeme, vyombo vya kazi, mshahara wa apokeaye pikipiki na kuandika ankara, kodi ya Serikali, na ahadi ya kuirudia kazi bure ikiharibika. Fundi aliye chini ya mwembe hutoza kidogo kwa kuwa mengi katika hayo hayamhusu. Kila mtu na achague apendapo, lakini asitake dhamana ya duka kwa bei ya mwembeni.

Limebaki lalamiko la tatu, nalo ndilo lenye uzito: mbona saa moja na nusu imeandikwa saa tatu? Ziko njia mbili za kuhesabu. Njia ya kwanza ni kutoza muda uliotumika kweli. Ya pili ni kutoza muda uliowekwa na mtengenezaji wa pikipiki katika kitabu chake kwa kila kazi. Njia hii ya pili si wizi. Fundi hodari akimaliza mapema, faida ni ya duka. Bolti iliyoshika kutu ikimchelewesha mpaka jioni, hasara ni ya duka, wala mteja haongezewi kitu. Dhuluma huingia pale mwuzaji asipotaja njia yake mapema, akangoja kazi iishe ndipo achague ile imfaayo.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Mwuzaji na aonyeshe kitabu. Ikiwa chasema saa tatu, mwenzetu na anyamaze. Asipoweza kukionyesha, saa ya haki ni moja na nusu, nayo ni shilingi 22,500. Na shilingi 22,500 nyingine zirudishwe. Neno “desturi” halitoshi kuwa hesabu.

Lakini hatutamficha mwenzetu kosa lake. Alitia sahihi kadi ya kazi pasipo kuisoma, yeye ambaye kila siku huwarudishia watu fomu zao kwa sababu hawakuzisoma. Tena alimwita fundi mwizi mbele ya watu, hali fundi yule hakuandika ankara, na labda hajui hata kiasi kilichoandikwa. Sisi tudaio kila mwaka kwamba kazi yetu ithaminiwe kwa haki, haitupasi kudharau kazi ya mwenye mikono ya mafuta. Hicho tukidaicho kwa Serikali, naye akidai.

Jirani zetu wa Kenya wameliweka jambo hili katika Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012: mteja apewe makadirio kabla ya matengenezo, na malipo yasizidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Nasi, popote tulipo, hakuna atuzuiaye kuomba vivyo hivyo kwa ulimi wetu. Kabla ya kuacha pikipiki, kila mwanachama na aulize mambo manne: kazi gani itafanywa, saa zitahesabiwa kwa njia ipi, jumla yakadiriwa kuwa shilingi ngapi, na kama vipuri vya zamani atarudishiwa avione. Majibu yaandikwe, ndipo atie sahihi. Mwuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo, na asiye mwaminifu atajulikana mapema.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi ni watu wa daftari. Tusiliache ofisini tuendapo gereji.