Elisa Allen Hakukosa Mapenzi, Alikosa Kazi

Wasomaji wengi wa “The Chrysanthemums”, hadithi fupi ya John Steinbeck iliyotoka mwaka 1937, hufikia hukumu moja. Elisa Allen, mke wa mfugaji katika bonde la Salinas, California, ni mpweke kwa sababu hana mtoto na mumewe hajui kumpenda. Ndiyo maana moyo unamwenda mbio anapopita fundi wa sufuria na mkokoteni wake.

Rai hii ina mashiko. Elisa ana miaka 35, hakuna mtoto anayetajwa, na akiwa amepiga magoti mbele ya fundi, mkono wake unakaribia kuigusa suruali ya mgeni huyo. Anayekana kwamba kuna tamaa pale hajaisoma hadithi vizuri. Hata hivyo, tamaa hiyo ni dalili tu. Chanzo kiko kwingine. Nina hoja tatu.

Kwanza, tuangalie mfuatano wa matukio. Fundi anapoomba kazi, Elisa anamkatalia zaidi ya mara moja, tena kwa uso mkavu. Anabadilika pale tu anapoulizwa habari za maua yake ya krisanthemamu. Hapo anavua kofia yake ya kiume, anasahau glavu, anachimba mchanga kwa vidole, anapanda machipukizi katika chungu chekundu cha kumpa fundi na kueleza jinsi ya kupunguza vitumba. Kilichomwamsha ni kuulizwa jambo analolijua kuliko mtu yeyote bondeni.

Pili, ingawa Henry hamwelewi mkewe, si mume mbaya. Anamsifu, na jioni hiyo anampeleka mjini kula na kutazama sinema. Kasoro iko katika mgawanyo wa kazi. Henry anauza maksai 30 huku Elisa akitazama kutoka bustanini, kisha inambidi aulize wale wanaume walikuwa nani. Akiyataja maua ya mwaka ule yenye upana wa inchi 10, Henry anasema laiti mkewe angekuza matufaha makubwa kiasi hicho. Elisa analidaka wazo hilo, anajibu kwamba huenda akaweza. Mazungumzo yanahamia kwenye mauzo ya ng’ombe, na suala la matufaha halirudi tena. Mlango umefungwa bila mtu kukusudia ubaya.

Tatu, tupime anachokitamani kwa fundi. Elisa anavutiwa na safari zake za kila mwaka kati ya Seattle na San Diego, na anamwambia kwamba yeye pia anaweza kunoa mikasi na kunyoosha sufuria zilizobonyea. Hayo ni maneno ya mtu anayedai nafasi katika ufundi. Jibu analopewa ni kwamba maisha hayo hayamfai mwanamke.

Ndipo tunapoelewa uzito wa pigo la mwisho. Fundi anayatupa machipukizi yale barabarani na kubaki na chungu. Kilichotupwa ni kazi ya mikono ya Elisa, kitu alichokituma nje ya shamba.

Tukisema alihitaji mtoto tu, au mume mchangamfu zaidi, tunakubaliana na fundi kwamba dunia ya mwanamke huyu inaishia kwenye ua wa bustani yake. Hadithi yenyewe inatudai swali gumu zaidi: kama Henry aliuona uwezo ule kwa macho yake, kwa nini hakumkabidhi shamba la matufaha?