Wazee Hawakuingizwa Mjini, Tumewauza Sisi

Jamani, nina dhambi ya kuungama, na nitawaungamisha na nyinyi humo humo.

Majuzi chumba chetu cha habari kilivunjika mbavu. Mwenzetu alirudi na habari ya mzee mstaafu aliyemsomea tapeli namba zilizoingia kwenye simu yake, akalizwa. "Mzee kaingizwa mjini!" akasema mmoja. Tukacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, maana nilikuwa nina changu nakificha.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Morogoro. Mwaka 2024 alipigiwa simu na kijana mwenye adabu zake. "Shikamoo mama. Tunahakiki taarifa za wastaafu. Kuna ujumbe umeingia kwako sasa hivi wenye namba sita, hebu nisomee." Mama akavaa miwani, akasoma. Dakika chache baadaye WhatsApp yake ikawa kwenye simu ya mtu mwingine.

Mama ni mweka hazina wa kikoba. Mchana ule wanakikoba wakapata ujumbe kutoka kwa "mama": nina dharura, naomba 150,000, nitarudisha jioni. Wapo walioona jina lililotokea si lake wakauliza, wakajibiwa kwamba ni la wakala. Watatu wakatuma. Laki nne na nusu hiyo, imekwenda. Tapeli naye alikuwa ameshaweka namba yake ya siri kwenye akaunti, ikabidi tusubiri siku saba nzima ndipo WhatsApp irudi. Siku saba mama hatoki nje. Fedha za watu alizilipa zote kutoka kwenye pensheni yake, kisha akajiuzulu uweka hazina. Hakuna aliyemtuhumu. Alisema mwenyewe: mtu asiyejua kulinda simu atalindaje sanduku?

Sasa sikieni sehemu niliyoificha.

Simu ile nilimnunulia mimi. Nilikuwa nayo hapa Dar, laini yake ikiwa bado kwenye kitochi chake huko Morogoro. Nilitaka simu imfikie ikiwa tayari, asihangaike. Kwa hiyo niliingiza namba yake kwenye WhatsApp, kisha nikampigia: "Shikamoo mama. Kuna ujumbe umeingia kwako wenye namba sita, hebu nisomee." Akasoma. Nikamwambia ahsante mama, mengine niachie mimi. Simu nikaipakia kwenye basi.

Mmeona? Neno kwa neno! Ule ujumbe wa namba sita huwa na onyo kwamba usimpe mtu yeyote, na mtu wa kwanza kumfundisha mama kulipuuza onyo hilo ni mwanawe wa kumzaa, mwenye digrii. Tapeli alikuta shamba limeshalimwa.

Msidhani niko peke yangu. Wewe unayesoma hapa, namba ya siri ya M-Pesa ya baba yako unaijua au huijui? Ni mwaka wako wa kuzaliwa, sivyo? Na uliichagua wewe. Akikuuliza jinsi ya kutuma picha, unamfundisha au unasema "lete hapa" kisha vidole vinakimbia, sekunde kumi, "haya mzee, tayari"? Amejifunza nini hapo? Amejifunza kwamba simu ni kitu cha kumkabidhi kijana anayejua. Ndiyo maana akifika kwa wakala anampa simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Na ndiyo maana kijana yeyote mwenye sauti ya upole akipiga na kusema "niachie mimi mama", mama anamwachia. Sisi tumemzoesha.

Najua jibu lenu. "Wazee wazito, hawaelewi." Acheni uongo. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na leo bibi anayeuza mchicha anapokea malipo kwa simu na salio analijua kuliko wewe unavyolijua lako. Nani alimpeleka chuo? Mzee hashindwi kuelewa. Anachoshindwa ni kuuliza mara ya tatu, kwa sababu mara ya pili ulishaguna.

Na nchi hii isijifanye haijui kufundisha watu wazima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio na vikundi vya kusoma vijijini, watu wakachimba vyoo. Mama yangu mwenyewe, akiwa mwalimu kijana mwishoni mwa miaka ya 1970, jioni alifundisha ngumbaru. Nilimuuliza walifundishaje watu wa rika la baba yake. Akasema kitu kimoja walikatazwa: kumshikia kalamu. Mtu aandike mwenyewe hata kama herufi moja itamchukua nusu saa.

Nikanyamaza. Maana mimi kalamu yake niliishika tangu siku ya kwanza.

Leo hii serikali na kampuni wanahamishia kila kitu kwenye simu. Laini tulisajili kwa alama za vidole kuanzia 2019, na mwanzoni mwa 2020 zikaanza kuzimwa za wasiosajili. Kuzima laini ya mzee tuliweza. Darasa la jioni la kumfundisha mzee huyo huyo kuitumia salama, liko wapi kwenye kata yako? Shule zipo na jioni ziko tupu. Redio ipo. Walimu wastaafu wamejaa. Kinachokosekana ni mtu wa kuona kwamba hili ni jambo zito kama choo cha mwaka 1973.

Lakini serikali tutaisema mpaka kesho, na kesho tapeli atapiga. Kwa hiyo anza wewe, ukienda nyumbani. Kwanza, mikono yako weka mfukoni. Simu aishike yeye, abonyeze yeye, akosee yeye. Mwache abadili namba ya siri na wewe ugeuke ukutani. Mfungulie somo la WhatsApp: mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili. Namba hiyo aichague mwenyewe, na wewe usiijue. Mfundishe kwamba namba zikiingia kwa ujumbe hazisomwi kwa mtu, hata akiwa ni wewe. Mwambie kukata simu si kukosa adabu. Akate, kisha apige mwenyewe namba anayoijua. Mwonyeshe *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na 15040 ya kupeleka ujumbe wa kitapeli. Halafu mjaribu. Mpigie siku nyingine umwombe zile namba.

Mimi nilimjaribu mwezi uliopita. "Mama, kuna namba sita zimeingia hapo, nisomee haraka niko kazini."

Kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, kama ni wewe kweli, njoo uzione," akanikatia simu.

Nimekatiwa simu na mawaziri, na wakurugenzi, na mapedeshee. Hakuna iliyonifurahisha kama ile. Kikoba bado hajarudi. Hiyo ndiyo bei ya "niachie mimi" yangu, na ameilipa yeye.

Naomba kutoa hoja.